Mabati Kumi na Manane

Mvua ya kwanza ya Novemba imenikuta macho.
Inagonga bati la tatu kutoka ukutani,
lile lenye tundu la msumari nililoziba kwa lami,
na kila tone linataja jina.

Kalunde binti Mihayo, wa Usoke, ng'ambo ya reli.
Mwaka ule tumbaku yake iliungua ndani ya bani,
chama cha msingi kikamkata deni la mbolea,
akarudi nyumbani na stakabadhi tu.
Mwezi uleule akamzika Shija, miaka sita,
homa ya siku mbili.
Sisi majirani tulifanya yanayofanywa:
tulikaa matanga, tukala ugali wake,
siku ya nne tukakunja mikeka.

Wa siku ya tano alikuwa yeye.

Hakuja na moto wala ngurumo.
Alikuja na kilo mbili za sukari, jembe begani,
akampalilia matuta saba bila kuombwa,
akakaa chini, akasema:
"Niambie habari za Shija."
Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza hilo.

Naliandika kwa sababu watu husema "wajinga wale,"
na Kalunde alifika kidato cha nne,
alinishinda hesabu mimi mfanyabiashara.
Alitaka tu mtu amtaje mwanawe bila kushusha sauti.

Kwanza aliambiwa asiende kwa mganga. Tukasema vyema.
Kisha asimeze vidonge vya zahanati.
Kisha asile chumvi.
Kisha asimsalimie dada yake, maana dada ana redio.
Kisha jina likavuliwa kama viatu mlangoni:
akawa Mbegu ya Kumi na Nne.
Na jioni moja Nabii Zefania,
tuliyemjua akiuza betri pale stesheni,
akasema Shija yu hai msituni, ng'ambo ya mto Ugalla,
anamngoja mama yake,
ila mama aje mwepesi.
Asije na paa.

Ndipo ninapoingia mimi.
Mimi Ngassa, nanunua vilivyotumika:
milango, masufuria, baiskeli zisizo na mnyororo.
Wiki ile watu kumi na tisa waliuza kwa mpigo.
Nilinunua mizinga ikiwa na nyuki wake.
Nilinunua cherehani yenye nguo nusu chini ya sindano.
Kwa Kalunde nilipanda mwenyewe na nyundo,
naye akanishikia ngazi.
Nikataja elfu tatu kwa bati. Hakubisha.
Asiyebisha bei anakwambia kitu,
na mimi nilisikia,
nikahesabu noti.

"Utalala wapi, Mama Shija?"
"Kwake."
Sikuuliza kwa nani.

Waliondoka alfajiri kwa miguu.
Treni ya Mpanda iliwapita, abiria wakawapungia.

Warina asali ndio waliowakuta,
chini ya miyombo, kando ya majivu ya siku nyingi.
Wanane walikuwa wakipumua.
Nabii hakuwapo. Nabii alikamatwa mjini,
ana shibe, ana simu tatu.

Kalunde alikuwa kati ya wale wanane.
Sasa anakaa kwa dada yake,
analamba chumvi kwa ncha ya kidole, polepole,
kama mtu anayesoma herufi ngeni.
Askari alipomwuliza yule mtu alimfanyia nini,
alifikiri muda mrefu, akajibu:
"Aliniuliza habari za Shija."
Askari hakuandika. Alisema hilo si kosa kisheria.

Kesho nitapanda tena na nyundo,
nimrudishie mabati yote kumi na manane.
Nilisema hivyo mvua za mwaka jana pia.
Mabati ni mepesi, mkokoteni mmoja unatosha.

Kinachonilaza macho ni maneno ya kuanzia.
Nayajaribu humu gizani, mvua ikinifunika sauti:
Kalunde,
yule mtoto,
Shija,
alipenda kula nini?