Kwa Atakayevaa Kofia Hii

Utaikuta msumarini, nyuma ya mlango wa stoo,
kofia ya manjano, jina langu ndani kwa wino uliofifia: Mghoi.
Kamba ya kidevuni imekatika, nimeipiga fundo.
Chini yake kuna daftari. Lisome kabla hujapanda jukwaa.

Nilishuka Lamu na ratiba ya rangi nne,
kila kazi na mstari wake, kila mstari na tarehe.
Mhadhiri aliipa alama themanini na moja.
Mchanga: safari arubaini za punda, siku mbili.
Nilihesabu punda, nikahesabu ndoo,
nikahesabu hata muda wa punda kunywa maji.
Sikuhesabu uchochoro.
Punda wawili wenye mashogi hawapishani Mkomani;
mmoja sharti arudi nyuma, na punda hataki kurudi nyuma.
Saa nne asubuhi walikuwa kumi na mmoja, pua kwa mkia,
bibi mmoja dirishani akiuliza msimamizi ni nani,
na wote, hata punda nadhani, wakanitazama mimi.

Fundi Shee Famau hakucheka. Alichora kwa mkaa ukutani:
kwenda kwa huku, kurudi kwa kule, kisimani.
"Haya, kaiandike kwa rangi zako."

Siku nyingine aliniuliza: chumba hiki mbona chembamba?
Nikasema hewa. Nikasema kivuli. Nikataja na ukurasa.
Akagonga boriti kwa mpini wa mwiko:
"Mkoko ulikoma hapo. Wazee walianza
na mti walio nao, si na nyumba waitakayo."
Nimeliandika ndani ya jalada. Usilifute.

Methali ya ufa na ukuta tuliijua darasa zima.
Hakuna aliyetufunza kukokotoa ukuta ni shilingi ngapi,
wala kumwambia mwenye nyumba bila kumeza mate.
Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, salamu, utangulizi, pole.
Bi Muzna akanikata sentensi ya kwanza:
"Mwanangu, nipe tarakimu."

Ukurasa wa thelathini na mbili una doa la soda.
Hiyo ni Jumanne ilipoletwa saruji,
mifuko hamsini na miwili,
na karatasi ikasema sitini.
Wakala alikuwa mpole, sauti ya chini kama ya mjomba.
"Tia sahihi tu. Wewe mwanafunzi, sahihi yako haina uzito."
Kama haina uzito, waitakia nini?
Nikahesabu tena kwa sauti, nikigusa kila mfuko
kama mtoto wa chuoni agusavyo herufi.
Nikaandika hamsini na miwili.
Soda yake niliilipia. Mkono ulitetemeka,
utaona hiyo mbili ilivyopinda.
Wiki ile dukani kwake sikujibiwa salamu.

Utaulizwa, ukimaliza utakuwa nani?
Karisa ataka bandari mpya, kreni na buti za chuma.
Saumu ataka ofisi ya kaunti, akague ramani, alale kwake.
Mimi nilikuja nikiwaza maghorofa ya Nairobi.
Sasa sijui.
Kuna siku nataka kuwa yule ajuaye bei ya kila msumari,
na kuna siku nataka tu kuwa yule
amwambiaye kibarua: shuka, jukwaa hili halijafungwa,
naye ashuke akinung'unika, akinitukana kwa kwao,
na jioni aende kwao kwa miguu yake miwili.

Chokaa iliyolowekwa usiiharakishe; haina habari na mtihani wako.
Timazi imo kwenye kopo la maziwa. Usimwazime mtu.

Na kwenye zidaka, safu ya tatu, kuna jiwe limekaa kombo.
Nililiona. Fundi aliliona.
Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja, tukanyamaza wote wawili.
Plasta imelifunika, hutalijua.
Mimi nalijua.

Kamba ya kofia, nunua nyingine.