Ampuli ya Kumi

Nankafu, kabla hujavua hilo koti lenye mvua,
njoo kwanza kwenye toroli jekundu.
Umeme umekatika tangu saa sita,
jenereta inakohoa nyuma ya jiko la hospitali,
na Bukavu yote imeinama gizani juu ya ziwa lake.
Shika tochi. Mimi nitasoma orodha, wewe utagusa.
Gusa, nimesema. Macho ni mavivu,
huona leo walichokiacha jana.

Adrenalini: ampuli kumi.
Usiniitikie kumi. Hesabu.

Tisa.

Basi andika tisa, na saa, na jina lako lote,
wala usione haya.
Haya iwe kwa ile kumi ya uongo
inayolala daftarini imejifunika blanketi
hadi siku mkono unaingia droo
na kutoka na hewa.

Nikuambie habari ya betri.
Zihindula, mlinzi wetu, mtu mwema,
aliazima mbili kutoka laringoskopu
usiku wa mechi, kwa ajili ya redio yake.
Dakika tisini tu, alisema.
Na asubuhi alizirudisha, mwizi hakuwa,
akazipanga vizuri mahali pake, zimekufa.
Tuliziona zipo. Tukatia alama: zipo.

Siku ya tatu wakaleta mtoto kutoka Kadutu,
aliteleza na bidoni la maji kwenye ule mteremko
ambao mvua ikinyesha huwa sabuni.
Daktari Murhula akafungua kinywa, akabonyeza.
Giza.
Akabonyeza tena, kama mtu anayebisha
nyumba ambayo wenyewe wamehama.
Nikaelekeza simu yangu juu ya mikono yake,
mwanga mdogo, unatetemeka kwa sababu mimi natetemeka.
Mpira ukapita. Kifua kikapanda.

Usifurahi upesi.
Yule mtoto alipona kwa asilimia nne
zilizobaki kwenye simu yangu.
Juma lililofuata mama yake akaniletea sambaza,
sahani tele, zimekaangwa na pilipili,
akinishukuru mpaka nikakosa pa kuweka uso.
Nilizila zote.
Mpaka leo sijamwambia.

Endelea. Mtungi wa oksijeni:
fungua valvu, tazama mshale, funga.
Ufunguo wake nimeufunga kwa utepe wa kitenge changu cha zamani,
ukiuona unaning'inia kiunoni mwa mtu, mfuate.
Puto la kupumulishia, liminye karibu na shavu lako.
Umesikia pumzi? Hiyo ndiyo ninayotaka kusikia.
Barakoa ya mtoto mchanga isiwe chini ya ile ya mtu mzima,
mchanga hana muda wa kusubiri tupekue.

Hizi mbili za atropini zinaisha mwisho wa mwezi.
Zivute mbele.
Mhasibu atakuja na kalamu yake, atalia hasara:
kila mara mnanunua, kila mara mnatupa!
Mwaka jana nilimwuliza,
nyumbani kwako Nguba, komeo la mlango
umewahi kulidai faida?
Akacheka, lakini karatasi alisaini.
Mimi nikitupa ampuli ambayo haikuvunjwa shingo
huwa naiangalia kidogo mkononi.
Mwezi mzima, na hakuna moyo uliosimama ukaiita.
Sijui sala nyingine inayojibiwa kimya namna hiyo.

Sasa ile ya kumi.
Shuka ukagonge kidirisha cha famasi.
Byamungu yuko na ugali wake, atanuna,
atakuuliza kama haiwezi kungoja kesho.
Acha anune. Simama hapo hapo na koti lako likidondoka maji.
Usirudi na ahadi. Rudi na ampuli.

Nitangoja, ndiyo, zamu yangu imekwisha, najua,
pikipiki ya mwisho ya kwenda Panzi itanipita.
Kufuli hii ya plastiki siifungi kwenye tisa.

Haya, umefika. Iweke. Hesabu tena, kwa sauti.
Soma namba ya kufuli: sifuri, sifuri, nne, nne, moja, saba.
Kaza.
Vua koti sasa, binti, utapata mafua.