Kitufe cha Nne

Ukiuliza baa nzuri Tanga watakupeleka Raskazone,
kwenye viti vya plastiki na upepo wa bure.
Sikatai. Upepo ni upepo.
Lakini ukishuka Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
mpite fundi baiskeli, lipite duka la sanda,
utaona mlango wa kijani uliochubuka chini,
pale panaposukumwa kwa mguu
na watu wenye chupa mikono yote miwili.
Kibao hakuna. Kilianguka mwaka wa Elinino,
Mama Semkiwa akakifanya ubao wa kukatia ndimu.

Usikae kiti cha pembeni, karibu na pipa.
Hakina alama, lakini kina mwenyewe:
Mbelwa, dereva wa treni ya mizigo,
kafa mwaka juzi na bado anadaiwa bia sita.
Deni limo ukutani, kwa mkaa,
juu ya madeni ya manamba
wanaodaiwa tangu bei ya singa ilipoanguka.
Kila Desemba tunapaka chokaa kuta tatu.
Ule wa nne, Mama anasema, ni daftari.

Jukwaa tulikuwa nalo. Tulilibomoa
kwa maneno ya Bwana Fini, fundi mitambo wa shamba la mkonge,
mtu wa Ayalandi, shingo nyekundu,
kama aliyetoka kugombana na jua akashindwa.
Kwao, alisema, kwenye vilabu vya zamani,
mpiga muziki hapandi popote.
Anakaa mezani na wenzake, wanatazamana,
nyinyi mnapewa mgongo.
Tulicheka. Muziki wa kupewa mgongo!
Kisha tukajaribu, Jumatano moja ya mvua,
na hakuna aliyekumbuka kwenda kwake.

Shamba lilipofungwa aliondoka.
Akaacha kodiani, rehani ya boha ya miezi miwili,
na kitufe cha nne, mkono wa kulia, bubu.
Ukikibonyeza kinatoa pumzi tu,
kama mtu aliyetaka kusema akaghairi.

Shekiondo ndiye aliyeirithi.
Mimi nilikuwa nagawa vinywaji, niliona:
wimbo ulipofika penye shimo
mcheza bao mmoja aliguna, bila kuinua kichwa.
Wiki ya pili waliguna watano.
Mwezi wa tatu baa nzima
ilikuwa na noti moja tu ya kuimba,
mm,
muuza karanga, karani wa bandari,
hata yule mlokole anayekuja kumchukua mumewe,
amesimama mlangoni, mdomo kaufumba,
mm,
ndipo akumbuke kukasirika.

Mwaka huu mjukuu wa Mama, Zawenna, karudi na cheti cha ufundi.
Akaifungua juu ya gazeti, akatoa mende mkavu,
akachonga ulimi mpya kwa bati la kopo la samaki.
Ikalia. Safi kabisa.
Tulipiga makofi, ndiyo, adabu ni adabu.
Lakini usiku ule noti ilitoka yenyewe,
na sisi vinywa vimejaa kitu
tusichojua pa kukitema.
Mtu akakohoa.
Mama akafuta meza aliyokwisha kuifuta.

Jumatano iliyofuata Shekiondo alifika pale pale,
akainua kidole,
akasubiri.
Zawenna, nyuma ya kaunta, ndiye aliyeanza.

Basi ukija, njoo Jumatano.
Muhogo huisha saa mbili, pilipili haiishi.
Ukisikia wimbo umesita
usigeuke kutafuta aliyekosea.
Hapo ndipo unapoingia.
Na kile kiti, nimeshasema.