Mbingu Iliyochanwa

Kazi yangu ni kusukuma kigari:
magurudumu ya baiskeli ya mtoto, fremu ya bati,
kibao cha kulikinga jua,
na juu kabisa kioo kinachochuja nuru.
Chini yake anakwenda sisimizi mmoja wa miguu mirefu,
mgongoni tumempaka tone la rangi nyekundu.
Nami nakwenda naye, nimeinama,
juu ya chumvi ya Shatt al-Jerid, saa saba mchana,
wakati hata nzi wametafuta kivuli.

Dinari thelathini kwa siku, na maji.

Daktari Regula, wa Zurich, mwenye kofia ya ukili,
alinifundisha kwa kitana.
Alinichana utosini, palepale jangwani.
"Nuru ya jua, Salha, ni nywele za mtu aliyeamka sasa hivi,
timutimu, kila unywele na njia yake.
Ikipita hewani, hewa huichana. Hulala upande.
Mbingu nzima ina mistari,
duara nje ya duara, na jua ndilo kitovu.
Sisi hatuoni. Yeye anaona."

Nilicheka.
"Geuza kioo," akasema.
Nikageuza kiasi cha mkono wa saa kuruka namba moja.
Sisimizi akageuka kiasi kilekile,
akashika njia ya Aljeria na bawa la nzi mdomoni,
kwa uhakika wa mtu anayekwenda kwake.
Nikarudisha. Akarudi.
Nikaona nimeshika usukani usio wangu.

Kesho yake tulimchukua akiwa safarini kurudi,
tukamtia kichupani,
tukamwachia mita mia upande wa mashariki.
Akatazama juu. Akakimbia mstari mnyoofu,
hatua zake zote zimo kichwani, hazipungui hata moja,
halafu akasimama ghafla.
Hapa.
Hapa ndipo.
Pana chumvi tu.
Akaanza kuzunguka: kitanzi kidogo, anarudi katikati,
kitanzi kikubwa zaidi, anarudi,
kingine.
Daktari akaandika kwa furaha: kosa, sentimita arobaini.
Mimi nilikaa chini.

Baba yangu alirudi kutoka Marseille mwezi wa Machi,
miaka ishirini na tisa ya kumwaga zege.
Kituoni hakumuuliza mtu njia.
Alikata nyuma ya msikiti, akapita kwa seremala,
akahesabu kona,
akasimama mbele ya duka la simu
ufunguo mkononi.
Nyumba ilibomolewa kupisha barabara.
Nani angemwambia? Kwenye simu mama alisema kila mara,
"Nyumbani salama."
Nilimwona nikiwa ng'ambo ya pili.
Akaenda hadi mwisho wa mtaa, akarudi.
Akaenda mbali kidogo zaidi, akarudi.
Sikumwita upesi. Hilo najua mimi na Mungu.

Jioni kijana Urs hutoa mashine yake,
ndogo kama sinia, yenye macho ya vioo vilivyokatwa kupishana.
Inasoma mbingu kama sisimizi.
Setilaiti zote zikizimwa, anasema, hii itafika.
Nikamuuliza: ikifika na nyumba haipo?
Akatazama skrini yake kwa muda.
"Itazunguka," akasema.

Daktari anasema binadamu naye ana chembe ya kuona huko,
imefifia tu:
jua likizama, tazama juu ya utosi, usipepese,
utaona doa la manjano
kama kidole kilichoshika bizari kikafutwa vibaya.
Mimi nilijaribu siku tisa.

Jana nilimpandisha baba kwenye paa la nyumba ya kupanga.
Akalala chali juu ya mkeka, viatu miguuni, kama mgeni.
Kimya kirefu. Pikipiki ikapita chini.
"Kuna uchafu wa manjano," akasema. "Ni macho yangu?
Ile saruji ya miaka yote?"
Nikamwambia ainamishe kichwa.
Akainamisha.
Doa halikuinama naye.