Sentimita Nane

Ndani ya ghala tupu la karatasi, pale Tampere,
Februari, pumzi zetu zikifuka kama moshi,
tulijenga wodi ya hospitali kwa maboksi.

Wazo lilikuwa la Pirkko.
Miaka kumi na tisa alisanifu majokofu;
mlango mmoja aliufungua na kuufunga mara elfu sitini
kabla mnunuzi hajaugusa.
"Mbona ninyi," aliniuliza,
"wa kwanza kulijaribu jengo ni mgonjwa?"

Nilinuna.
Nilikuwa na michoro, mihuri, tarehe ya kumwaga zege.
Mtu wa majokofu
atanifunza nini mimi kuhusu kuta?

Wakaja wauguzi waliotoka zamu ya usiku,
macho mekundu, viatu vya mpira,
Raili mbele, akisukuma kitanda halisi;
juu yake Osmo, msimamizi wa mafundi,
kilo mia na kumi, akijifanya mahututi,
akicheka.

Kwenye kona kitanda kikakwama.
Raili akarudi nyuma, akajaribu tena,
chuma kikikwaruza boksi.
Osmo akaacha kucheka.
Sentimita nane.
Sentimita nane, na mtu anakata roho.

Pirkko akatoa kisu,
akaupasua ukuta wangu, krrr,
akausogeza, akaubandika.
Dakika nne. Gharama: utepe wa gundi.

Siku ile tulikata kuta mara kumi na moja.
Swichi ilishuka. Sinki lilihama.
Dirisha nalo, alisema Raili, lishuke,
maana alalaye chali huona dari tu,
na dari haina habari.

Kisha vikaratasi vya rangi, ukuta mzima:
fundi bomba, fundi umeme, fundi vigae,
kila mmoja akiandika kwa mkono wake
siku anayoiahidi,
si siku aliyopangiwa.

Wahenga walituonya juu ya ufa.
Huu tuliuziba ukuta ukiwa haujazaliwa.

Lakini si yote tuliyaona:
mlango wa stoo ya ghorofa ya tatu
hadi leo unagonga bomba la maji moto.
Hakuna aliyekumbuka kuijenga stoo kwa maboksi.

Jana nilisimama kwenye kona ile.
Kitanda kilinipita mbio, hakikugusa kitu.
Aliyekisukuma hakuinua macho,
wala hakujua kwamba hapo palikuwa na ukuta.