Sababu ya Kuchelewa

Hapa hatuziki bomba.
Jiwe la volkano halikubali sululu,
kwa hiyo maji ya Goma yanapita juu juu,
peupe, kama utumbo wa mbuzi ulioanikwa,
na kila mwenye panga na kiu anajua pa kukata.

Mimi ni Katungu. Injeniya, wananiita,
kwa sauti ya mtu anayemwita mdeni wake.
Kanisani, wakati wa kutakiana amani,
mkono mmoja ulinishika usiniachie:
"Amani iwe nawe. Na Majengo, lini?"
Siku maji yanapotoka hakuna anayepiga simu.
Nimezoea. Kimya ndiyo asante yangu.

Mji huu siujui kwa njia zake,
naujua kwa bari:
pampuni ziwani, sita;
Katindo yanafika matatu, yamechoka;
Mabanga moja na nusu, siku ya heri;
na kule Ndosho sindano inalala kwenye sifuri
kama mtu aliyekataa kuamshwa.
Na ziwa lote lile liko chini yetu,
limejaa, linang'aa,
na bado tunanawa kwa kikombe.

Saa nane za usiku pampu ikanyamaza.
Si pampu, ni umeme.
Nikampigia Cirhuza wa shirika la umeme.
"Dada, hata mimi niko gizani,
nimeshika mshumaa natafuta fyuzi."
Tukacheka. Tungefanya nini?
Mimi namdai moto, yeye ananidai maji;
kwake Himbi watoto hawajaoga tangu Jumapili.
Baba Ndagano, miaka thelathini na mmoja na mashine hii,
akaweka sikio kwenye chuma kilichoanza kupoa:
"Bado inapumua. Subiri."
Chuoni nilifundishwa hesabu za msukumo.
Kusubiri nimefundishwa na yeye.

Alhamisi, habari: bomba limepasuka Ndosho,
nyuma ya wauza makala.
Nikapanda kwa pikipiki, kola ya chuma mapajani,
spana namba thelathini na mbili ndani ya mkoba.

Maji yalikuwa yanaruka kimo cha mtoto,
na chini yake foleni, foleni ya heshima
ambayo sijaiona hata benki:
vidumu vya njano, kila kimoja na alama yake,
uzi mwekundu, msalaba wa rangi ya kucha,
chukudu mbili zimelazwa ubavu zikingoja mzigo.
Waliponiona na kola, maneno yakaisha.
Hakuna aliyeomba.
Mama mmoja tu, Kanyere, nilisikia wakimwita,
alisogeza kidumu chake mbele kwa kidole cha mguu,
polepole, kama anayeiba kete kwenye bao.

Nilijua kila lita inayomwagika pale
imepandishwa kwa mazuti ya deni.
Nilijua kituo cha afya kilicho mbele
kitafungua bomba lake kipate upepo tu.
Nilijua. Ndiyo kazi yangu, kujua.
Nikafungua mkoba.
Nikaufunga.
Nikakaa juu ya jiwe ambalo zamani lilikuwa moto,
nikaangalia maji yakiingia penye mdomo mdogo
bila kupotea hata tone,
kazi safi kuliko yangu.

Jioni nikaandika ripoti:

Uvujaji: umezibwa.
Kuchelewa: dakika arobaini.
Sababu: spana haikupatikana.

Kesho yake nikaikuta mezani.
Baba Ndagano, anayesoma huku kidole kikifuata mstari,
alikuwa ameandika pembeni kwa penseli:
"Vidumu vingapi?"

Nikatafuta kalamu.
Ishirini na saba, nikaandika.
Na kituo cha afya, saa moja bila maji.
Andika vyote viwili.