Chenji

Mashine ipo kati ya mlango na safu ya matoroli,
pale watu wanapovaa glavu kabla ya kuikabili baridi.
Inawaka tangu saa moja asubuhi,
matunda yake mekundu yakizunguka,
wakati Kajaani yote bado ni usiku
na theluji imefika kwenye vioo vya magari.

Mimi nakaa kaunta ya pili.
Miaka tisa nimemuuzia Tauno Heikkinen maziwa na mkate mweusi.
Namjua kwa mkono: kidole cha shahada hakipo,
kilibaki kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao.
Mkono huo niliuwekea chenji kila siku,
na kila siku, bila kugeuka,
niliusikia ukizitia sarafu tumboni mwa mashine,
ti, ti, ti.

Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Sikuuliza kibaba cha nani.

Mwanzo alinunua maziwa, akapata chenji.
Baadaye akanunua kiberiti apate chenji,
kimoja kimoja, kwa noti ya ishirini,
mtu asiyevuta sigara, anayepikia umeme.
Wiki moja nilihesabu viberiti kumi na kimoja.
Nikampa. Ndiyo kazi yangu, nilijiambia,
na mashine inalipia sehemu ya taa hizi,
labda na sehemu ya mshahara wangu.

Siku moja ya Februari alisimama pale kwa saa nne nzima,
koti limefungwa hadi kidevuni,
maziwa yakipata joto sakafuni.
Ilimpa, si kwamba haikumpa:
euro themanini, zikamwagika kama mvua juu ya bati.
Kabla sijafunga droo zilikuwa zimerudi kwao.

Akaja kaunta.
"Raakel," akasema,
mara ya kwanza kulitaja jina lililo kifuani pangu siku zote,
"kesho usinipe sarafu.
Hata nikikuomba. Hata nikikutukana."

Kesho yake aliniomba.
Keshokutwa alinitukana mbele ya foleni,
neno ambalo silirudii.
Nikamhesabia chenji yote kwa senti tano tano,
ambazo mashine haizili.

Wiki ya tatu nikamfungulia stoo,
nikamwekea kiti na simu kati ya makreti ya bia.
Namba ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mashine ile ile,
chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nilipiga magoti kuisoma.
Mlango nikauacha wazi kidogo.
Sikumsikia akitaja pesa.
Nilimsikia akijibu: "Hapana. Sijalala."
Kisha: "Binti. Yuko Oulu. Hajui."
Kisha friji tu, zikinguruma.

Sisemi amepona.
Alhamisi hupanda basi kwenda kwenye kikundi,
watu sita na birika la kahawa.
Kadi ya benki anayo binti.
Mwezi wa tano aliteleza,
akaja kuniambia mwenyewe, kofia mkononi.
Siku hizi hutoka kwa mlango wa mizigo,
kinyume cha sheria za duka,
nami husahau kuufunga.

Jana msichana wa miaka ishirini na kitu
aliweka kiberiti mbele yangu, na noti ya ishirini.
Macho yake yalikuwa tayari kule mlangoni.
Nikaishika noti, sikufungua droo.
"Nikupe sarafu," nikamuuliza,
"au nikupe kiti?"